Kibali mfukoni, majimbo matano njiani

Niliporwa gari Desemba 2021, saa mbili kasorobo usiku, kwenye sheli moja ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nikiwa nakwangua barafu kwenye kioo cha nyuma. Walikuwa vijana wawili, kofia za sufu zimeshuka mpaka kwenye nyusi. Mmoja alipandisha koti kidogo, nikaona kitako cheusi cha bastola kiunoni, akasema nimpe funguo. Nikampa. Nilimpa haraka mno, hata ufunguo wa nyumba uliokuwa kwenye pete ileile ukaenda nao. Nikabaki na kikwanguo mkononi, gari linaishia gizani, kiti cha mtoto kimekaa nyuma kama abiria. Mtoto mwenyewe, namshukuru Mungu, alikuwa nyumbani na mama yake.

Uporaji wa namna hiyo ulikuwa umeshamiri mjini mwaka ule na ule uliotangulia, na afisa aliyechukua maelezo yangu aliandika bila kuinua uso. Gari lilipatikana siku ya nne, limetelekezwa, linanuka sigara na chipsi. Mimi ndiye niliyechelewa kupatikana. Kwa wiki kadhaa kila nikisimama kwenye taa nyekundu macho yalikuwa yanazunguka vioo vyote vitatu. Ndipo nikamwambia mke wangu kwamba nakwenda kutafuta kibali cha kubeba bastola.

Mimi ni mtu wa Tabora. Bunduki niliyokua nikiiona ni gobore la babu, linaning'inia darini, mdomo umeelekea ukutani, na baruti yake iko kwenye pembe ya ng'ombe chumba kingine kabisa. Kulipiga ilikuwa shughuli: umimine baruti, ushindilie, utie gololi, ushindilie tena. Mara nyingi nguruwe pori alikuwa ameshashiba mahindi na kwenda zake. Bibi hakuruhusu mtoto apite chini ya lile gobore. Kwa hiyo silaha kwangu ilikuwa kitu cha mzee mmoja, na kijiji kizima kinajua anacho, na mtendaji anajua, na polisi wanajua. Bunduki ya kufunika kwa shati ukienda kununua maziwa, hiyo sikuwahi kuiwaza.

Mke wangu ni muuguzi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, nchi hii zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi wamejipiga wenyewe. Unataka kukileta kitu hicho kwenye nyumba yenye watoto, na giza la baridi linaingia saa kumi na moja jioni?"

Tukiwa bado tunavutana, tarehe 2 Februari 2022, polisi wa Minneapolis waliingia alfajiri kwenye fleti moja katikati ya mji wakiwa na hati ya kuingia bila kubisha hodi. Amir Locke, kijana mweusi wa miaka 22, alikuwa amelala kwenye kochi, amejifunika blanketi. Aliamka na bastola mkononi, akapigwa risasi kabla sekunde 10 hazijatimia tangu waingie, akafa. Jina lake halikuwamo kwenye hati ile. Familia yake ilisema bastola ilikuwa halali na kibali alikuwa nacho. Mke wangu aliniwekea simu mezani, video imesimamishwa katikati, akaenda kuosha vyombo.

Mwisho tulikubaliana hivi: nikasome kwanza, nijue sheria, halafu tukae tena. Na kama bastola itanunuliwa, sefu itatangulia. Baadaye niligundua kuwa hapo mke wangu alikuwa upande wa sheria bila kuisoma, kwa sababu Minnesota kuacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuifikia ni kosa la jinai hata kama hakuna aliyeigusa.

Kabla sijafika darasani niseme neno kwa wageni wenzangu, kwani nimeona linavyotaka kummaliza mtu. Mwenye grini kadi, yaani ukazi wa kudumu, anaruhusiwa kumiliki silaha na kuomba kibali. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inamkataza, ukiacha milango michache midogo kama leseni halali ya uwindaji. Na kukatazwa huko si kununua tu, hata kuishika. Kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi, alialikwa na wenzake wa chuo waende uwanja wa shabaha wakafurahie wikendi. Alikuwa ameshavaa viatu nilipompigia simu kwa jambo jingine kabisa. Alidhani namtania. Kingine: hata sisi wa grini kadi, kosa la bunduki likishathibitishwa mahakamani linatosha kukurudisha kwenu. Raia akikosea atalipa faini au atafungwa, akitoka anakwenda kwake. Wewe unaweza kumaliza adhabu ukakuta watu wa uhamiaji wanakusubiri mlangoni.

Darasa lilikuwa Jumamosi moja ya Aprili, chumba cha nyuma cha duka la bunduki, viti vya chuma, watu kama 14. Mkufunzi alikuwa mzungu wa makamo, askari mstaafu, mwenye masharubu na sauti ya chini. Nilitegemea tutashinda tunapiga risasi. Wapi! Tulikaa mpaka makalio yakafa ganzi, tunasoma sheria. Kule kwetu watu hudhani kibali cha Marekani ni ruhusa ya kutumia bunduki. Ni ruhusa ya kuibeba basi, na kwa Minnesota hata kuificha si lazima, ukipenda utaining'iniza kiunoni watu waione. Kuitumia ni habari nyingine, na kila aliyeitumia anaanzia upande wa kujieleza.

Mkufunzi aliandika ubaoni mambo manne. Usiwe wewe mchokozi. Uwe na hofu ya kweli, ambayo mtu mwingine mwenye akili timamu angekuwa nayo, kwamba unauawa au unajeruhiwa vibaya sasa hivi. Nguvu ndogo kuliko hiyo isingetosha. Na hapakuwa na njia ya kuondoka. Hilo la nne ndilo linalowakwaza watu wa Minnesota, kwa sababu majimbo mengi jirani yameliondoa: huko ukiwa mahali unaporuhusiwa kuwapo, hudaiwi kukimbia. Hapa unadaiwa, isipokuwa nyumbani mwako. Jamaa mmoja mwenye kofia ya kuwindia kulungu aliuliza, "Kwa hiyo sheria inataka niwe mwoga?" Mkufunzi akamjibu, "Sheria inataka uwe umejaribu."

Nikanyoosha mkono, nikasimulia habari ya sheli. Je, ningekuwa na bastola usiku ule?

Hakujibu papo hapo. Alichora gari, akachora kijana kwa vijiti, akanichora mimi na kikwanguo. Akasema, "Hapa anakuonyesha kitako, tunaweza kubishana. Labda." Akafuta yule kijana, akamchora ndani ya gari. "Hapa amefunga mlango. Hapa hakutishi tena, anakuibia. Ukifyatua hapa umemuua mtu kwa ajili ya Toyota, na Toyota ina bima." Kisha akaniangalia. "Ulimpa funguo, akaondoka, na leo uko hapa unakula sandwichi yangu. Wewe ulishinda."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimelipa hela yangu nisikie kwamba ningekuwa shujaa. Ilinichukua miezi kuona kwamba jibu lile ndilo nililolilipia. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Minnesota ilikwenda mbali zaidi, katika kesi ya bwana Blevins, aliyetoa panga kwenye kituo cha treni Minneapolis baada ya kutishiwa kisu. Majaji wengi walisema hata kabla ya kutoa silaha na kumtisha nayo mtu, ukiwa na njia salama ya kuondoka, ondoka. Maana yake ile habari ya "nitaionyesha tu, atakimbia", ambayo nusu ya darasa letu tulikuwa nayo kichwani, inaweza kukupeleka jela bila risasi hata moja kutoka.

Baada ya chakula mama mmoja wa Liberia aliyekaa mbele yangu, ambaye asubuhi nzima hakusema neno, aliuliza, "Na Philando Castile?"

Chumba kilitulia. Hakuna mtu mweusi wa Minnesota asiyeijua habari ile. Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, nje kidogo ya St. Paul, Castile alisimamishwa na polisi akiwa na mpenzi wake na mtoto wa kike wa miaka 4 kiti cha nyuma. Alikuwa msimamizi wa jiko la shule. Alikuwa na kibali. Alimwambia afisa kwa adabu kwamba ana silaha, kama tunavyofundishwa, na sekunde chache baadaye afisa yule, Jeronimo Yanez, alifyatua risasi 7, akamuua. Juni 2017 jopo la raia waliosikiliza kesi (jury) lilimwona afisa huyo hana hatia.

Mkufunzi alieleza utaratibu: zima injini, washa taa ya ndani, shusha kioo, mikono juu ya usukani, usichukue kitu chochote mpaka umeambiwa, na usianze kwa neno "bunduki", anza kwa neno "kibali". Yule mama akasikiliza yote, akasema, "Yeye naye alisema vizuri." Mkufunzi akavua miwani, akaifuta na shati. "Hilo sina jibu lake, mama." Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa mengine yote ya siku ile.

Jaribio la kupiga shabaha lilipita haraka. Nitasema tu kwamba ganda la risasi ya kwanza liliruka likaingia ndani ya kola yangu, la moto, na nikajifunza kuwa sheria ya kutogeuza mdomo wa bastola haina msamaha hata kama unaungua shingo. Nilikaza meno, nikaiweka mezani, ndipo nikaanza kucheza sindimba. Nilifaulu.

Maombi unapeleka mwenyewe kwa sherifu wa kaunti yako, pamoja na cheti cha mafunzo kisichozidi mwaka mmoja, kitambulisho, na ada isiyozidi dola 100. Hawachukui alama za vidole. Sherifu ana siku 30 za kukupa au kukukatalia kwa maandishi, akiwa na sababu. Mimi yangu ilikwama kwenye majina. Leseni ya udereva ina majina mawili, grini kadi ina matatu, na lile la katikati kuna karani mmoja wa zamani aliwahi kuliunganisha na la ukoo. Dada wa dirishani aliuliza mimi ni nani kati ya hao watatu. Wabongo mnaojua adha hii, nyoosheni majina yenu kabla ya kwenda popote. Barua ilikuja siku ya 27. Kadi ni ya miaka mitano, na ukitaka kuihuisha unarudi darasani upya.

Tukakaa tena mezani, mimi na mke wangu, kama tulivyoahidiana. Sefu ilikuwa imeshafungwa kwa boliti ndani ya kabati la nguo. Akasema, "Nunua. Lakini siku nikikuona umebadilika tabia, umekuwa mkali au umekuwa mnyonge, nitaipeleka kwa watu mimi mwenyewe, na hutaniuliza." Nilikubali, na bado sharti hilo lipo.

Fomu ya dukani inaitwa 4473, ni ya serikali ya shirikisho, na ina swali kuhusu bangi. Agosti 2023 Minnesota ilihalalisha bangi kwa watu wazima, na tangu hapo nimewasikia vijana wetu wakisema hakuna shida tena. Someni maandishi yaliyo chini ya lile swali: yanasema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi katazo la shirikisho. Mvutaji akiandika "hapana" amedanganya kwenye fomu ya serikali. Akiandika "ndiyo" anarudishwa. Jimbo linakuuzia moshi, shirikisho linakunyima risasi, na wewe ni mtu mmoja uleule uliyesimama dukani.

Fomu hiyohiyo inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia. Alinipigia: "Shem, wewe si una kibali tayari? Ninunulie na mimi moja, hela natuma leo." Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Nimewahi kumnunulia shemeji huyo jokofu, matairi, na suti ya harusi. Lakini kununua bunduki kwa niaba ya mtu mwingine ukisema ni yako ni kosa la shirikisho, na kosa kubwa. Nilimsimulia kesi ya Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia, aliyemnunulia bastola ndugu wa mzazi wake (Kiingereza hakijali kama ni mjomba au baba mdogo). Ndugu yule hakuwa na katazo lolote, angeweza kujinunulia. Bado Abramski alipatikana na hatia, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana na hukumu hiyo kwa kura tano kwa nne. Shemeji alinyamaza, kisha akasema, "Basi sema tu hutaki." Tulikaa miezi miwili hatuongei vizuri. Ujamaa wetu na sheria yao vilikutana mlangoni kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kitasa.

Maisha ya kila siku na bastola, kama unataka kujua, ni ya kuivua. Posta huingii nayo, na hata maegesho ya posta ni mali ya shirikisho. Shule, huingii. Kazini mwajiri wangu amekataza ndani ya jengo. Sheria ya jimbo haimruhusu kukataza kwenye maegesho, kwa hiyo inabaki garini, kwenye kisanduku kilichofungwa kwa waya kwenye chuma cha kiti, kwa sababu wezi wa magari wanazitafuta hizo kuliko redio. Duka likiweka bango mlangoni kwamba limepiga marufuku bunduki, unageuka. Ukiingia wakakuambia utoke ukagoma, faini ya mara ya kwanza haizidi dola 25, kiasi kwamba watu hucheka. Mimi sicheki, sitaki kuwa Mswahili wa kwanza kubishana na mlinzi wa duka nikiwa na silaha kiunoni. Na pombe: kuendesha gari kikomo cha kileo kwenye damu ni asilimia 0.08, kubeba bastola ni 0.04. Kwenye harusi zetu, bia moja kabla ya keki na moja baada ya keki, tayari uko pabaya. Ikifika Ijumaa ya harusi bastola inalala kwenye sefu.

Machi 2023 tukapata msiba, ndugu yetu upande wa Detroit. Msiba hausubiri likizo. Tulitoka jioni, mimi, mke wangu, na shangazi yangu kiti cha nyuma na mablanketi yake na chupa ya chai. Barabara ni moja tu, I-94, kutoka mlangoni kwako Minneapolis mpaka Detroit, zaidi ya kilomita 1,000. Barabara moja, majimbo matano, na kila jimbo lina mawazo yake.

Wisconsin wanakitambua kibali cha Minnesota. Indiana tangu Julai 2022 hawadai kibali kwa mtu yeyote anayestahili kumiliki. Michigan wanakitambua, lakini wana sharti lao, nitalifikia. Katikati kuna Illinois. Illinois ndilo jimbo lililokuwa la mwisho nchi nzima kuruhusu watu kubeba silaha kwa kificho, mwaka 2013, tena baada ya mahakama kulilazimisha. Kibali cha jimbo jingine halikitambui. Sheria yao inamruhusu mpita njia mwenye ruhusa ya kubeba huko kwao kuwa na silaha ndani ya gari, lakini ukishuka tu, hata kwenda chooni, iwe imefungiwa ndani ya gari. Na mimi nilikuwa nimesoma habari ya Shaneen Allen, mama wa Philadelphia mwenye kibali safi cha Pennsylvania, ambaye Oktoba 2013 alivuka daraja akaingia New Jersey, akasimamishwa, akamwambia afisa mwenyewe kwamba ana bastola na kibali. Akakamatwa, akakabiliwa na kifungo cha miaka isiyopungua mitatu. Mwaka 2015 gavana alimsamehe, baada ya nchi nzima kupiga kelele. Mimi nani angenipigia kelele?

Kwa hiyo karibu na Kenosha, kabla ya mpaka, nilisimama kwenye sheli. Nikatoa magazini, nikatoa risasi iliyobaki ndani ya bastola, nikaifungia bastola kwenye kasha ndani ya buti, na risasi kwenye mkoba mwingine. Saa saba usiku, upepo wa ziwa unakata masikio. Shangazi akashusha kioo.

"Gari limeharibika?"

"Hapana, shangazi. Tunaingia jimbo jingine, huku silaha wanataka ikae hivi."

Akafikiri kidogo. "Marehemu baba naye baruti alikuwa anaiweka chumba kingine."

"Ndiyo hivyohivyo."

"Lakini huku na kule si ni nchi moja? Mbona hata mvua ni ileile?"

Tulipita Chicago kimya, tunalipia barabara. Indiana ni kipande kifupi tu. Niliposimama kujaza mafuta nikairudisha kiunoni, kwa sababu mbele kulikuwa na giza na sheli za usiku, na sheli za usiku zina historia na mimi. Mke wangu aliangalia upande wa pili.

Sasa lile sharti la Michigan. Minnesota afisa akikusimamisha hudaiwi kumwambia una silaha mpaka akuulize. Akiuliza, useme kweli na uonyeshe kadi. Michigan ukiwa umebeba unatakiwa kusema mara moja, wewe, kabla hujaulizwa. Ni mstari wa rangi tu barabarani, na kabla yake unaruhusiwa kunyamaza, baada yake kunyamaza ni kosa.

Mbele ya Kalamazoo, alfajiri haijapambazuka, taa nyekundu na bluu zikajaa kioo cha nyuma. Nilikuwa nakwenda maili 82 mahali pa 70. Nilisogea pembeni. Nikazima injini, nikawasha taa ya ndani, nikashusha vioo vyote vinne, baridi ikaingia yote. Mikono juu ya usukani, vidole vimetanuliwa. Mke wangu naye akaweka mikono juu ya dashibodi bila kuambiwa. Hatukuwahi kulifanyia mazoezi hilo. Nikamwambia shangazi kwa sauti ya kawaida, "Shangazi, usifungue mkoba. Usitafute kitu. Kaa hivyohivyo."

Afisa alikuja upande wa abiria. Kijana, tochi juu ya bega. Nikasema maneno niliyokuwa nimeyarudia bafuni kwa mwaka mzima, kwa Kiingereza changu cha Tabora, polepole: kwamba nina kibali cha kubeba kutoka Minnesota, kwamba sheria ya jimbo lake inanitaka nimwambie, kwamba ninacho nilichobeba upande wa kulia kiunoni, na mikono yangu itabaki hapa mpaka aniambie. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe. Nilimsikia shangazi nyuma akitamka sala kwa Kinyamwezi, chinichini, na nikaomba asiongeze sauti.

Afisa akasema asante kwa kuniambia. Akasema, "Wewe usiiguse yako, mimi sitaigusa yangu." Akaniuliza leseni iko wapi; nikamwambia mfuko wa shati, upande wa kushoto; akasema ichukue. Nikaichukua kwa vidole viwili. Akaenda garini kwake. Zile dakika saba au nane ndizo ndefu kuliko zote nilizokaa ndani ya gari. Alirudi na onyo, hakunipa faini, akatupa pole ya msiba, akasema tupunguze mwendo kwani mbele kuna paa wengi.

Nilipowasha gari mguu ulikuwa unatetemeka juu ya breki. Mke wangu alishusha mikono, akaisugua. Hakusema neno mpaka Battle Creek. Pale akasema, "Wakati wa kurudi itakaa kwenye buti kuanzia Detroit." Ikakaa kwenye buti. Safari iliyofuata ya Chicago, ya harusi, haikutoka kabisa kwenye sefu.

Ninaibeba bado, siku chache, nikiwa na zamu ya usiku. Mara nyingi zaidi naifikiria nikiwa sina. Shangazi aliwasimulia watu wote msibani kwamba mtoto wa kaka yake alizungumza na polisi kama wakili, na tangu siku hiyo vijana hunipigia kuniuliza sheria. Nusu yao nawaambia wakasome sheria za jimbo lao tarehe ya siku wanayosafiri, maana hizi zinabadilika kama bei ya mafuta.

Kadi yangu inaisha 2027 na darasa itabidi nilirudie. Mke wangu amesema tutakwenda wote. Bastola hataki, kibali hataki. Anataka kukaa kiti cha mbele, kile cha yule mama wa Liberia, na ana maswali yake ameyaandika kwenye simu. Nimeomba anionyeshe, amekataa.